Matairi Juu ya Paa la Granville

Kama ningeruhusiwa kurudisha jambo moja tu, ningerudi kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili moja ya mwezi wa tano, kikombe cha chai mkononi, na yule mama mwenye duka akiniuliza mbele za watu: "Papa, wewe unajua mambo ya mabati. Hauwezi kunitengenezea paa mbele ya baridi kufika?" Ningejibu kwamba sijui. Badala yake nilikunywa chai taratibu, kama mtu anayepiga hesabu, nikasema hilo ni jambo dogo.

Mambo ya mabati niliyoyajua yalikuwa ya kuyauza. Mwanza nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mpaka nywele zikanyonyoka, na niliweza kukuambia geji ya bati, yaani unene wake, kwa kuligonga na ukucha. Juu ya paa sikuwahi kupanda. Waliopanda ni mafundi. Mimi niliwaandikia risiti. Lakini hapa Sydney, ukitaja mabati mara mbili kwenye chai ya kanisani, watu wanakuhesabu fundi, nami sikukanusha. Tangu nije kuishi kwa binti yangu, mtaa wa Macquarie Fields, hakuna aliyewahi kuniuliza chochote isipokuwa kama nimemeza dawa.

Duka lilikuwa Granville, kati ya kinyozi na gereji. Mama yule, mjane kutoka Bukavu, alilifungua baada ya miaka mingi ya kuogesha wazee wa watu wengine. Aliuza unga wa muhogo, samaki wakavu, mawese na vitenge. Kila Jumamosi nilipanda treni kwenda kukaa kwenye kigoda chake karibu na magunia, tukazungumza mpaka jioni. Mbele paa lilikuwa zima. Nyuma, juu ya stoo, kulikuwa na mabati ya kale yaliyolegea misumari, na upepo wa majira ya baridi uliyachezesha kama mfuniko wa sufuria ya maharage. Mwenye jengo aliahidi fundi kila mwezi. Mali yote ya mama ilikuwa chini ya mabati hayo. Aliniambia wazi kwamba mvua ikiingia stoo, duka limekwisha, na yeye hana nguvu ya kuanza tena.

Nikafanya nilichokiona nyumbani, kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, ambako bati linalotaka kuruka hukalishwa chini kwa mawe na matairi. Jirani wa gereji alifurahi mno. Kumbe kutupa matairi katika nchi hii kunalipiwa. Alituletea ya malori, akatuongezea na mengine ambayo hatukuyaomba.

Nesi mmoja Mkenya wa kanisani kwetu alikuja kutazama, akakuna kichwa. "Mzee, huku paa ni ya watu wa leseni," alisema. "Na hizo tairi, mimi sijui."

"Kijana, mimi nimeona mabati kabla hujazaliwa."

Kijana mwenyewe alikuwa na wajukuu. Akanyamaza, kwa kuwa mzee akishasema amesema, halafu akanishikia ngazi, kwa kuwa mzee hawezi kuachwa apande peke yake. Ndivyo heshima yetu ilivyofanya kazi siku ile: hakuna aliyeniamini, na wote walisaidia. Tulijaza matairi mchanga ili yatulie. Mabati yakanyamaza. Wapita njia wakawa wanalipiga paa picha, na kijana mmoja mwenye masharubu akaingia kuuliza msanii ni nani. Mama alininyooshea kidole. Nilipewa mkono.

Wiki chache baadaye mama aliona mkia. Ndani ya tairi la katikati alikuwa amehamia posamu, mnyama wa huku anayefanana na komba aliyenenepa, na mtoto mgongoni. Kufikia hapo majani ya mikalitusi yalikuwa yameshaanza kujikusanya kati ya matairi na mfereji wa maji ukiziba, kwa hiyo nilitaka kuyashusha matairi nisafishe. Mama akapiga simu kwanza kwa wahusika wa wanyama. Akaambiwa posamu analindwa na sheria; haruhusiwi kuguswa mpaka aje mtu mwenye kibali, na lazima awekewe nyumba nyingine papo hapo.

Mama alikata simu, akakaa juu ya gunia. "Papa, mimi nilingojea makaratasi kambini mpaka watoto wakakomaa. Ile nyama imepata makazi siku moja."

Tulicheka mpaka mteja akatoka. Kisha tukachanga kanisani, sadaka ya pili, kwa ajili ya nyumba ya posamu. Niliijenga mwenyewe kwa mbao nzuri, nikaifunga juu ya uzio, isiyopitisha hata tone. Posamu aliitazama, akarudi kwenye tairi. Mwenye kibali alituahidi wiki iliyofuata.

Mvua ikatangulia. Ilinyesha siku tatu bila kupumua, ile mvua ya ubavu inayotoka baharini. Jumamosi nilikuta dari ya stoo imetoa tumbo. Mama aliniuliza kama tuhamishe magunia. Nilisema bati hujipinda, ni kawaida yake. Alinitazama kidogo, akaendelea kupima samaki, kwa kuwa mimi ni mzee na nimesema.

Paa lilishuka mchana. Hakukuwa na kishindo nilichotarajia. Lilikaa chini pole pole kama mtu mnene kwenye sofa, matairi, mchanga, majani na maji yote pamoja, juu ya unga. Hakuumia mtu. Posamu alikutwa ndani ya nyumba niliyomjengea, mkavu, yeye na mwanawe.

Mkaguzi wa bima alipiga picha matairi kila upande, kama maharusi, kisha akaeleza kwa upole kwamba bima hailipi paa lililobebeshwa mzigo na mtu asiye na leseni. Mwenye jengo, ambaye miezi yote hakupatikana, alipatikana siku hiyo hiyo, akavunja mkataba wa pango.

Nilimsaidia mama kuchota unga uliogeuka uji. Hakunigombeza. Alisema mara moja tu, akiwa ameinama, "Papa, ungeniambia tu kama haujue. Kigoda kingebakia chako."

Duka lake la maisha lilifungwa mwezi huo. Sasa anapanga maboksi ghalani kwa zamu, katika umri ambao angekuwa amekaa, na simu zangu hapokei. Nilimpotezea duka, nikampoteza na yeye, rafiki pekee niliyekuwa naye katika mji huu.