Minazi ya Mwanamina Pale Stendi

Mwanamina alipouza kiwanja chake karibu na stendi ya Kibiti ili amtibie binti yake Warda, hakuuza minazi. Hilo hakulitamka, na nani angelitamka? Kwetu ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe; hata mwizi wa madafu analijua. Ile minazi alipandiwa na mama yake, na tui lake ndilo la vitumbua alivyokuwa akiuza tangu afiwe na mumewe. Akahamia kwa Warda, kijijini Mchukwi, akawa anakuja mjini kila asubuhi na beseni lake.

Mnunuzi, Sanga, alitoka Makete kuuza spea za pikipiki. Mtu mpole, salamu haimkauki mdomoni. Mwanamina akileta mkwezi kuangua nazi, Sanga humwacha. Yeye alidhani anamsaidia bibi wa watu. Bibi alidhani haki yake inaheshimiwa.

Kisha Warda akazidiwa, mama akashinda hospitali. Aliporudi mjini alikuta visiki, na mafundi wanajenga fremu za maduka.

"Baba, minazi yangu iko wapi?"

"Si uliniuzia, mama?" Sanga alishangaa kwelikweli.

"Nilikuuzia ardhi!"

"Kwetu ukiuza kiwanja umeuza na vilivyomo. Lakini niletee mtu mmoja tu wa mtaa huu aseme ndivyo mlivyozoea, nitakupa fremu moja ukaangie vitumbua vyako."

Mwanamina akatoka kutafuta shahidi. Hapo ndipo hasira hunipanda. Kwa jirani yake marehemu Hashimu wanawe waliuza, pamekuwa duka la saruji. Kwa Subira ni baa, muziki juu mchana kweupe. Kinyozi ametoka Mwanza, mama ntilie Songea. Walimsikiliza kwa adabu wakasema hawajawahi kusikia jambo hilo. Hawakudanganya. Tumeuza wenyewe, tukarudi mashambani, halafu tunanuna eti mji umechukuliwa!

Akarudi kwa Sanga, kanga imelowa jasho.

"Shahidi ni mimi mwenyewe. Mimi ndiye wa mtaa huu."

"Mama," Sanga akasema taratibu, "wewe si wa Mchukwi siku hizi?"

Mwanamina akainama. Akaokota beseni lake, machozi yanamtiririka mbele za watu. Sanga, kwa roho safi kabisa, akamsindikiza hadi barabarani.

"Karibu tena Kibiti, mama."