Rababa Nyuma ya Pazia

Mwaka juzi kazi ilinirudisha Juba kwa wiki tatu, na siku ya pili tu nikajikuta Nyakuron. Shule yetu haipo. Palipokuwa na madarasa manne ya mabati sasa pamejaa malori ya maji, na mlinzi aliyekuwa akila ful kwenye bakuli la plastiki aliniambia hajawahi kusikia kwamba hapo palikuwa na shule. Harufu ya yale maharagwe, mafuta ya ufuta na kitunguu kibichi, ndiyo iliyonifungua. Nilisimama juani nikasikia filimbi thelathini zikilia pamoja, kila moja na wimbo wake.

Nimekuhadithia mengi ya utoto wangu, wewe unajua. Hili sijakuhadithia.

Nilikuwa na miaka kumi. Amani ilikuwa imetiwa sahihi, na watu walikuwa wakirudi kutoka kila upande. Mimi na bibi tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupanga jerikeni foleni kabla lori la maji halijafika. Jioni nilisaga karanga za kutilia mboga huku bibi akisonga asida, ugali wa kwetu, na jenereta za majirani zikinguruma. Mji ulikuwa mpya kwetu sote. Waganda walikuwa na maduka na chapati, Wakenya walikuwa na benki na shule, na sisi watoto wa Kakuma tuliringa kwa sababu tulijua Kiingereza na Kiswahili. Wenzetu ambao hawakuwahi kuondoka, waliopitia vita vyote hapa hapa, tuliwaona washamba. Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Sipambi.

Mwalimu wa muziki alitoka Kenya. Alikuja na gunia la filimbi za plastiki, zile za kupuliza zenye matundu manane, na tulipokezana wanafunzi wawili wawili kwa filimbi moja. Ulimi wangu bado unakumbuka ladha ya mate ya mwenzangu. Alikuwa mwalimu hodari, nisimdhulumu. Katika muda wa miezi miwili darasa lililokuwa likipiga kelele tu lilikuwa linapiga nyimbo tatu. Lakini ukikosea alikuchapa vidole kwa ukingo wa rula, palepale juu ya filimbi, na alikuwa na msemo wake: "Muziki hauko kichwani. Uko vidoleni."

Katika darasa letu alikuwemo msichana kutoka kijiji cha Rejaf, aliyekuwa akiishi na shangazi yake mtaa wa Hai Mauna. Mkono wake wa kulia ulikosa vidole viwili. Aliokota kitu cha vita shambani kwa babu yake, kikamlipukia. Siku ya kwanza ya somo mwalimu alipofika kwake na filimbi, aliutazama ule mkono, akampita, akampa aliyefuata.

"Mimi iko naweza, mwalimu," msichana akasema. Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni kwa Waganda.

"Matundu saba mbele, na la nane la kidole gumba nyuma," mwalimu akasema. "Hesabu mwenyewe."

Darasa likacheka. Mimi ndiye niliyegeuka nikamwita Nane, kwa hesabu ya vidole vilivyombakia. Lilikuwa jina rahisi, likamganda siku hiyo hiyo. Mwalimu alipotufundisha kuhesabu mapigo, tulihesabu moja hadi saba kwa sauti ya kawaida, na tukifika nane tulipiga kelele na kumgeukia sote kwa pamoja. Mwalimu alituona. Aliinamisha uso kwenye daftari ili tusimwone akitabasamu.

Muhula uliofuata filimbi nyingi zilikuwa zimepasuka, na mwalimu akatuambia kila mmoja atengeneze chombo chake. Ah, wiki ile ilikuwa tamu! Wavulana walifunga mpira wa tairi kwenye jerikeni zilizokatwa, zikawa ngoma. Mimi nilitia changarawe kwenye kopo la soda nikaziba mdomo wake kwa nta. Uwanja mzima ulinuka mpira na rangi. Msichana wa Rejaf alikuja na rababa, kile kinubi cha kwetu. Alikuwa ameiunda mwenyewe kwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, vijiti vitatu, na nyuzi tano alizozichomoa kwenye waya za breki za baiskeli. Aliketi chini, akaibana ubavuni. Vidole vitano vya mkono wa kushoto, ambao ulikuwa mzima, vilizuia nyuzi na kuziachia. Ule wa kulia ulishika kipande cha ndala na kukwaruza. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa wa kwanza kwa filimbi, nilikuwa nimeizoea nafasi hiyo, na palepale nilijua kwamba sikuwa kitu.

Mwezi uliofuata ilisemekana wageni wakubwa watakuja kwenye ukumbi wa utamaduni pale Nyakuron, na shule yetu itapiga. Mwalimu alituita mimi na msichana yule baada ya masomo. Mezani palikuwa na rababa ya pili, iliyotengenezwa na seremala, imepakwa rangi nyekundu na kupambwa kwa kauri. Nyuzi zake zilikuwa zimelegezwa.

"Wewe utakaa mbele na hii," akaniambia. "Chezesha mikono tu. Yeye atapiga kutoka nyuma ya pazia."

Msichana alimtazama, akanitazama mimi. "Mimi iko nataka kukaa mbele. Hii ni wimbo yangu."

"Wageni watakula baada ya onyesho," mwalimu akasema polepole, kama anayemweleza mtoto mdogo. "Hatutaki kuwaharibia hamu. Usijali. Wewe utasikika."

Msichana alibaki ananitazama. Naamini alikuwa anangoja niseme neno. Neno nililosema ni hili: "Mwalimu, nitavaa nini?"

Siku yenyewe nilivaa gauni la manjano, na bibi alinipaka mafuta hadi magoti yakang'aa. Ukumbi ulijaa. Nilikaa jukwaani, nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, na muziki ukatoka mgongoni kwangu. Sijawahi tena kusikia rababa ikipigwa vile. Mama mmoja mstari wa mbele alifuta macho. Nami, rafiki yangu, nilianza kuamini ni mimi. Nilifumba macho. Nilitikisa mabega.

Makofi yalipotulia, mgeni mmoja mnene alipanda jukwaani, akanishika bega na kusema turudie kidogo, mara moja tu, apige picha. Nikasema ndiyo. Nikaanza. Nyuma yangu muziki ulianza, ukatoa mlio mmoja mkali, ukanyamaza. Mkono wangu uliendelea kwenda juu na chini katika ukumbi uliokuwa kimya, na kwa hofu nikazigusa nyuzi kwelikweli. Zilitoa sauti ya kopo tupu linalopigwa teke. Kicheko kilianzia kwa watoto, kikapanda hadi kwa wageni.

Nilikimbilia nyuma ya pazia. Alikuwa amekaa pale pale, rababa mapajani. Waya mmoja ulikuwa umekatika na kumchana kidole cha shahada cha mkono mzima, na damu ilikuwa ikitiririka juu ya kopo. "Imekatika," alisema. Niliuona waya. Niliiona damu.

Kesho yake, mbele ya darasa zima, mwalimu aliniuliza kama mwenzangu alifanya makusudi. Yeye alikuwa amesimama kando yangu, kidole kimefungwa kitambaa. Ningeweza kusema kweli kwa neno moja.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Aliniambia atatuaibisha."

Mwalimu alimwambia anyooshe mikono yote miwili, akachukua rula, akatuambia tuhesabu viboko. Hatukuhitaji kuambiwa tuishie ngapi. Tulihesabu kwa mapigo sawasawa, kama alivyotufundisha, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Baada ya siku hiyo hakuja shuleni tena.

Basi mwaka juzi, kutoka kwenye malori yale, nilikwenda Hai Mauna. Niliuliza karakana kwa karakana hadi nikaonyeshwa shangazi yake. Amezeeka, bado anakaanga samaki mbele ya nyumba. Nilimwambia nilisoma na binti aliyemlea. Hata sikumaliza.

"Wewe ni ile ya Kakuma!" akapiga makofi. "Rafiki yake! Kila siku alisema, shule iko na rafiki moja, natoka Kakuma, nanifundisha Kiingereza, nagawana na mimi chakula. Mimi ilitaka kumtoa ile shule, nasikia watoto iko mbaya. Yeye alilia, akasema hapana shangazi, mimi iko na rafiki."

Nilikosa pa kuweka macho. Aliniketisha, akaniwekea samaki na kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, akatoa simu. Msichana yule sasa ni mama wa watoto watatu, yuko Uganda, alivuka mpaka vita viliporudi. Shangazi alimpigia, akacheka, akasema rafiki yako wa shule yuko hapa anakula kwangu, akanitia simu mkononi. Aliketi karibu, akiegemeza kichwa ili na yeye asikie.

Nilitaja jina langu. Nilisikia kuku upande ule, na mtoto akiitwa.

"Shangazi anasikia?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu.

"Anasikia."

"Basi ongea kama rafiki."

Nikaongea. Nilimuuliza watoto wanasoma darasa gani, nikamwambia samaki ni mtamu, nikacheka mahali alipocheka. Alinijibu kwa upole kila swali, vizuri kabisa, hadi salio lilipokwisha. Shangazi alikuwa akilia kwa furaha. Ile shule imekwenda, ule ukumbi sikuutafuta, na mwalimu sijui aliko. Msamaha niliokuwa nimeubeba kuuomba nilirudi nao hotelini, na sijapata mahali pengine pa kuupeleka.