Mimea Isiyodai Maji

Nilimwambia muuza miche wa pale Mikumi, kando ya barabara kuu, kwamba nataka kitu kisichodai. Akaniuliza kisichodai nini. Nikamjibu chochote: maji, mbolea, kivuli, kubembelezwa. Nataka nikipande, nikisahau, na kisife. Akacheka, akasema wateja wake wote husema hivyo hivyo, kisha wanaondoka na waridi, na baada ya mwezi wanarudi kugomba kwamba limekauka. Nikamwambia sitaki waridi. Nilikuwa nimesimama juani, kaka yangu ameacha injini ya gari aliloazima ikiunguruma, na mimi nikiwa na haraka mizaha hainiingii.

Haraka yenyewe ilikuwa ya mama. Alikuwa ameteleza kwenye mfereji wa kumwagilia vitunguu huko kwetu Lumuma, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa yuko kwa kaka hapo Mikumi akijifunza kutembea na mkongojo. Daktari alisema mambo mawili bila kuzunguka: asibebe tena ndoo ya maji, na asiishi peke yake. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, na tulipofika nje akatangaza kwamba anarudi Lumuma.

Kaka anaishi chumba na sebule nyuma ya gereji, malori yananguruma hapo mlangoni mchana na usiku, kwa hiyo si mahali pa kumweka mgonjwa. Nikabaki mimi, mwalimu, niliye na nyumba yangu Kilosa mjini. Tulimbembeleza mpaka akakubali kuja kwangu kuangalia tu. Hilo neno kuangalia lilinikosesha usingizi. Mama yangu akiangalia kitu kisimpendeze, basi, hata mchungaji wake hamrudishi nyuma. Na nyumba yake iko mlimani, mbali na jirani. Akianguka tena kule hakuna atakayemsikia. Kaka alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Akikataa kwako, tujiandae."

Ndiyo maana nilitaka uani kupendeze. Nyuma ya nyumba yangu kuna kiwanja kidogo kilichozungushiwa ukuta, chote saruji, isipokuwa ukanda mwembamba wa udongo ambao fundi aliuacha chini ya ukuta. Jua la Kilosa likishaipiga ile saruji huwezi kuikanyaga peku. Nilitaka mama apate mahali pa kukaa jioni na kijani cha kutazama. Lakini kijani chenyewe kisimpe kisingizio. Ninamjua. Akiona jani limenyauka ataamka na ndoo, hata kama mguu umebaki mmoja.

Muuza miche alinionyesha mnyaa, nikaukataa kwa sababu ya utomvu wake, macho ya mzee si ya kuchezea. Akanionyesha bogenvilia, nikaikataa kwa miiba yake na kwa sababu inataka kukatwa kila mara. Mwishowe nikachukua mishubiri, ile ya dawa, nikachukua masale, yale wanayopanda watu mipakani mwa mashamba, na vichaka vya yale maua ya pinki na meupe yanayojiotea hata kwenye mchanga wa barabarani. "Haya," alisema yule muuza miche, "hata ukiyatukana yanachanua."

Udongo wa ule ukanda ulikuwa kifusi kitupu, mabaki ya matofali na mifuko ya saruji, kwa hiyo nikaagiza udongo mzuri, ukaletwa na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Kwa kuwa sehemu yenyewe ni nyembamba, ilibidi niuinue uwe tuta refu. Ili mvua isiubomoe nikauzungushia mawe ya mtoni, na ili mawe yapendeze nikayapaka chokaa. Sale moja nikaliweka mwanzo wa tuta, jingine mwisho wake, mishubiri kando, maua katikati. Nikapiga picha, nikamtumia kaka. Akanirudishia alama ya dole gumba. Sisi wote wawili tumezaliwa Lumuma, tumekulia Lumuma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona alichokuwa anakitazama.

Mama aliletwa siku ya Jumapili. Nilimwamkia mlangoni, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaingia taratibu na mkongojo wake. Akasifia mapazia. Akasifia kitanda, akabonyeza godoro kwa mkono na kutikisa kichwa kuridhika. Moyo wangu ukaanza kutulia. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa madaha, nikasogea pembeni aone.

Akasimama kizingitini. Akavuta kanga akafunika kichwa. Akasema maneno machache kwa lugha yetu, na mimi nikajua ni sala kabla sijayaelewa.

"Nani huyu?" akauliza.

"Nani yupi, mama?"

"Mliyemlaza hapa."

Hapo ndipo nilipoliona. Udongo ulioinuliwa, mawe meupe kuzunguka, sale kichwani na sale miguuni. Kwetu kaburi hupandwa hivyo hivyo, na hupandwa mimea hiyo hiyo, kwa sababu marehemu hana wa kumwagilia. Kila mmea peke yake niliujua kwa shughuli nyingine, huu dawa, huu mpaka, haya maua ya njiani. Nilikuwa nimeiweka pamoja kwa mikono yangu, na kuizungushia mawe niliyoyapaka chokaa. Nilicheka. Nilicheka kwa kushtuka, lakini aliyeona kicheko hakuona mshtuko.

Mama hakucheka. Alilitazama lile tuta kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

"Na urefu ni wangu," akasema, akageuka akarudi ndani.

Ningelivunja jioni ile ile yangeisha. Sikulivunja. Nilikuwa na hasira, sina haja ya kuipamba. Nilikuwa nimebeba mawe mpaka kiuno kimegoma, nimefanya yote kwa ajili yake, halafu naambiwa nimechimba kaburi. Isitoshe niliona kwamba nikilivunja nitakuwa nimekiri kwamba ni kaburi kweli. Nikamwambia, "Mama, hapa ni mjini, haya ni maua tu." Akasema, "Sawa." Neno sawa mdomoni mwa mama yangu halijawahi kuwa na maana ya sawa.

Siku zilizofuata alikaa mlango wa mbele, uso barabarani, mgongo kaupa uani. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole. Begi lake halikupakuliwa. Alitoa nguo ya kubadili, akafua, akairudisha, akafunga zipu. Nikimuuliza anaendeleaje ananijibu hajambo. Kaka akanipigia simu akinifokea, "Vunja hilo tuta!" Nikamfokea na mimi, "Njoo uvunje wewe uliyetuma dole gumba!" Mama alikuwa amekaa pale pale akitusikia. Darasani niliandika ubaoni na kufuta, niliandika na kufuta, simu nimeiweka mezani, jambo ninalowakataza wanafunzi.

Kisha adhuhuri moja nikarudi nyumbani nikakuta mlango umerudishiwa tu. Nikaita. Nikaingia chumbani, kitanda kimetandikwa vizuri mno. Mkongojo haupo, begi halipo. Nilitoka mbio hadi kwa vijana wa bodaboda pale kona, na mmoja akaniona ninavyohema akasema kabla sijauliza.

"Bibi nimempeleka stendi, madam. Anawahi gari la Lumuma. Nimeendesha pole pole kabisa."

"Umempakia kwenye pikipiki mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga?"

"Madam, aliniambia nikikataa atatembea."

Hilo nililiamini. Nikaruka nyuma yake nikamwambia twende, na safari hii asiende pole pole.

Gari lilikuwa limeshajaa, mizigo imefungwa juu, injini inawaka. Mama alikuwa amepewa kiti cha mbele karibu na dereva, begi mapajani, mkongojo katikati ya magoti. Nilifika dirishani, na mdomo wangu ukatoa neno ambalo sijawahi kumwambia mama yangu na sikujua ninalo.

"Shuka!"

Bila shikamoo, bila mama. Mzee mmoja kiti cha nyuma akaguna, akasema, "Hee! Mtoto wa kumzaa." Mama hakunigeukia, aliendelea kutazama mbele kama aliyeanza safari.

"Nikifia kule watanilaza karibu na baba yako," akasema taratibu. "Kwako nimeona nilipoandaliwa."

"Mama, sikuandaa chochote! Nilitaka usibebe maji! Nilitafuta mimea isiyodai maji ili usibebe ndoo, basi!" Sasa nilikuwa nalia pale stendi, mbele ya watu, nikiwa na chaki mikononi. "Siogopi kwamba utakufa, sote tutakufa. Naogopa ufe peke yako, umeanguka ndani, mlango umefungwa, mimi niko darasani nacheka na watoto wa watu, sijui. Hilo siliwezi, mama. Siliwezi."

Dereva akakohoa, akauliza kwa adabu kama tunaondoka. Nilishika ukingo wa dirisha, na kama lile gari lingeng'oka nadhani ningeburuzwa nalo.

"Kalivunje," mama akasema.

"Nitalivunja."

"Lini?"

"Leo."

"Leo yenu ni jioni, na jioni mtu huchoka."

"Sasa hivi. Utakaa uone."

Akafikiri. Sijawahi kungoja mtu afikiri kwa hofu namna ile. Halafu akanipitishia mkongojo dirishani, niushike, ili apate mikono yote miwili ya kushukia.

Nililivunja nikiwa bado na sketi yangu ya kazini. Mama alikaa kwenye kiti mlangoni mwa uani, mara ya kwanza kuupa uani uso, akawa ananiamrisha. Mawe nikayatoa nje ya ukuta. Mimea nikaing'oa na mizizi yake nikairundika kando. Udongo nikausambaza mpaka ukawa sawa na saruji, naye akasema bado, chimba, uwe chini zaidi. Kisha akanielekeza kukata majaruba, vile visehemu vidogo vyenye kingo za kuzuia maji, kama ya shamba lake la vitunguu. Nilipoelewa anakoelekea nikasimamisha jembe.

"Mama, vitunguu vinataka maji kila siku."

"Vinataka."

"Daktari alisema nini?"

"Alisema nisibebe ndoo. Hakusema nisishike kopo." Akalaza mkongojo sakafuni, halafu sauti ikabadilika. "Tangu nimefika hapa nimekaa kama mgeni wa msiba. Unapika wewe, unafua wewe, hata maua ulitafuta yasiyonitaka. Mimi nikae nifanye nini hapa, mwanangu?"

Nilirudi kulima, kwa sababu machozi ya mara ya pili siku moja yanaaibisha.

Nikaenda sokoni kabla hapajafungwa, nikaleta miche ya vitunguu na mbegu ya mchicha. Nilipanda mimi, yeye alimwagilia. Nilimwekea dumu karibu, nikatandika magunia juu ya saruji asiteleze, akakaa kwenye kigoda na kutia maji jaruba moja baada ya jingine kwa kopo la maziwa. Nilisimama nyuma yake mikono wazi, tayari kumdaka, mpaka akaniambia niondoke, namzibia mwanga. Nikaondoka. Nilikwenda kukaa jikoni na kusikiliza, na kila kopo lilipogonga dumu roho yangu iliruka. Bado inaruka. Nikiwa shuleni najua saa ya kumwagilia ikifika, na najua saruji yenye maji ilivyo.

Jioni ile ile alimpigia kaka simu, akamjulia hali, akauliza watoto, kisha akamwambia akipata gari amletee sanduku lake la nguo kutoka Lumuma, na jembe lake dogo. Kaka akanipigia baadaye kuhakikisha kama amesikia vizuri, sanduku na jembe.

Kabla ya giza kuingia nilikusanya ile mimea ya Mikumi niitupe. Nilikuwa nimeichukia. Nilifika nayo getini.

"Hayo usitupe," mama akaniita.

"Yamekutia hofu wiki nzima, mama."

"Hayakuwa mahali pake, hilo tu." Alikuwa bado ameshika kopo, anakung'uta matone ya mwisho. "Umechagua vizuri. Yatie kwenye chombo, yawe yanangoja. Wewe una kazi, kaka yako ana kazi. Hamtapanda mlima wa Lumuma kila wiki kuja kunimwagilia."

Alisema hivyo, akarudi kupekua mchicha wake ambao ulikuwa hata haujaota.

Nikayatia kwenye beseni lililopasuka, nikaliweka nyuma ya choo, mahali ambapo jua linapiga tangu asubuhi na mvua haifiki. Udongo niliweka kidogo. Maji siyapi hata tone, na sijamwambia mama kwamba ni makusudi. Nangoja yakauke.

Asubuhi hii yamechanua tena.