Vigingi vya Baba Yako na Maharage ya Bibi

Naikumbuka vizuri siku niliyomwona baba yako kwa mara ya kwanza, mwanangu, maana nilikuwa na jembe mkononi na nusura nimpige nalo. Weka simu chini, Neema. Jumamosi wazee wa kijana wako wanaleta posa, na wewe unaniambia utamkubali kwa sababu hajawahi kukosea jambo. Haya, sikiliza kwanza.

Tulikuwa bado wageni hapa Minto, huku kwa Wazungu, mimi na bibi yangu, Bibi Kolastika, tukitokea kambi ya wakimbizi Tanzania. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja mtupu, nyasi tu. Bibi alipouona akasema Wazungu wameusahau, akaulima. Nikamwambia huku kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi, mbona halimi?"

Akapanda maharage, yale yanayotambaa. Hayo yanataka miti, na miti ya kukata hatukuwa nayo. Basi asubuhi moja huyo Bibi anarudi anaimba, amekumbatia vigingi vya mbao vilivyochongwa ncha vizuri, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Alivikuta vimesimama uwanjani havifanyi kazi yoyote. Alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakachungulia.

Kumbe vilikuwa vya wapima ardhi! Uwanja ule ulikuwa unagawanywa viwanja vya nyumba, na baba yako ndiye aliyekuwa msaidizi wa mpima. Kwao Tabora alikuwa askari, na jeshi lilikuwa bado halijamtoka. Hata kikombe cha chai alikibeba kama yuko kwenye gwaride. Wanasimika vigingi, Bibi anavuna. Wanasimika vingine, Bibi anavuna. Mkuu wake, mzee mmoja wa Kizungu, akamwambia vikipotea tena, atafute kazi kwingine.

Ndipo baba yako akatuvamia. Alikuja anafoka Kiingereza, kidole juu, hata hodi hakupiga. Bibi akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu kijana anaumwa?" Baba yako akashtuka kusikia Kiswahili. Unadhani alimwamkia mtu mzima? Wapi! Alibadilisha lugha tu, akaendelea kufoka. Mara akaanza kung'oa. Maharage yalikuwa yameshatoa maua, mwanangu. Anang'oa kigingi, mashina yanakatika, na Bibi anatazama, machozi yanamtoka. Hapo ndipo nikanyanyua jembe, na Bibi akanidaka mkono.

"Mwache aende," akasema. "Na yeye kwao ana bibi."

Baba yako akaondoka na mzigo wa vigingi begani kama ameteka silaha za adui, akautua mbele ya mkuu wake. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kigingi kikishang'oka hakionyeshi mpaka wowote, ni kijiti tu, na lazima wapime upya kwa vigingi vipya. Yaani baba yako alikuwa ameharibu chakula cha watu kwa ajili ya kuni!

Nimeyajuaje? Aliyasema mwenyewe. Jumapili iliyofuata tumetoka kanisani, nyumba imejaa wageni, tunamwona mlangoni. Shati limepigwa pasi, begani mzigo wa mianzi. Amesimama wima. "Shikamoo, Bibi." Akasimulia yote mbele ya watu, hata alivyochekwa. Hakusema kazi yake ilikuwa hatarini, hilo nililijua baadaye, wala hakumtaja mkuu wake kama kisingizio. "Nimekosa, Bibi," akasema. "Nimekuja kupanda upya."

Wageni walicheka, we! Aliona haya lakini hakuondoka. Bibi naye alikuwa na makusudi, akamwacha asimame pale hadi wali ukapoa. Kisha akamwambia, "Ingia ule, halafu ukalime." Safari hii walilima ndani ya ua wetu. Baba yako akavuta kamba kunyoosha mistari, Bibi anamzomea kwamba maharage hayaendi vitani. Mimi niko dirishani, jembe nimeshaliweka, na moyo wangu umekwenda. Kazi hakuipoteza, maana tangu siku hiyo Bibi ndiye aliyevilinda vile vigingi. Mtoto akivigusa tu, anakimbizwa.

Sasa tuje kwa huyu wako. Wiki iliyopita alipotea njia akija kwetu, akafika chakula kimepoa. Alisema nini? Simu imekosea. Halafu wewe ndiye uliyemwelekeza vibaya. Halafu serikali imeweka vibao vibaya. Usinijibu kwa Kiingereza, ulikuwepo!

Sikuambii umkatae, mwanangu. Naweza kuwa nimemwonea. Mtu hapimwi kwa siku moja. Ila mwanamume akiwa hana kosa huwezi kumjua. Mngoje siku atakapokosa, tena mbele ya watu, uone kama anakuja kukuomba radhi au anakutafutia lawama. Kama siku hiyo hujaiona, Jumamosi waambie wazee wanywe chai, wasubiri. Mimi nitasimama na wewe, na baba yako nitamtuliza.

Mungu akupe mume anayejua kusema nimekosa, akulinde na mwenye majibu kwa kila kitu. Na wewe pia akupe ulimi wa kuomba radhi mapema, maana nakuombea kwa Mungu na huku nakuona umeshanuna. Amina. Sema amina, Neema.