Sungura wa Upande wa Kulia

Soko lilipoachiwa huru, wachuuzi wa mjini walipanda hadi kwetu, juu ya Lushoto, kununua mapeasi, wakaja na dawa ya ukungu. Matunda yalichovywa kwenye pipa la dawa kabla ya kupangwa kwenye matenga, yasioze njiani. Mama ndiye aliyechovya, mikono mitupu hadi viwikoni. Yaliyopondeka tuliyala nyumbani.

"Haina neno, mama," mchuuzi alimwambia. "Inaliwa hii. Ingekuwa sumu ningewauzia watu?"

"Mbona wewe mwenyewe huli?" Mama alimjibu, wakacheka.

Mwaka uliofuata Mama akaota uvimbe tumboni. Hospitalini walisema ni saratani, ila chanzo hawakijui. Mdogo wangu wa kike akashika nafasi yake pipani, nami nikakosa usingizi. Niliishia darasa la saba, lakini nilikuwa na kitabu cha biolojia cha misheni, nilichokisoma hadi kikachanika. Humo nilijifunza jinsi dawa inavyopimwa kwa wanyama: wengine wanapewa, wengine hawapewi, kisha wanapasuliwa na kulinganishwa.

Nikajenga banda la sungura lenye pande mbili. Wa kushoto walikula maganda ya mapeasi ya pipani, mengine nikayakausha yawe akiba. Wa kulia walikula majani tu. Nilikuwa msumbufu, nakiri. Nilinawa kila nilipovuka upande, na mdogo wangu akisogea tu na mikono yake ya pipani, namgombeza.

"Nikipata jibu," nilimwambia, "nitakutoa kwenye lile pipa."

Mama hakuwa tena na nguvu za shamba, akawa anashinda juani kando ya banda. Siku moja nilirudi mapema kutoka kumwagilia kabichi bondeni, nikamkuta anapenyeza maganda upande wa kulia.

"Mama! Hao hawapewi!"

"Na wenzao wanakula, wao wanatazama?"

"Umeanza lini kuwapa?"

"Tangu ulipowatenga. Nyumba hii nani aliwahi kula huku mwenzake akimtazama?"

Ndivyo alivyotulea. Hata mpita njia akitukuta tunakula, alisogezewa sahani. Sikumweleza alichokiharibu. Nilikaa chini nikalia, naye akadhani nawaonea huruma sungura.

"Basi, mwanangu. Kesho nitawaongezea."

Kuanza upya kulihitaji muda, naye hakuwa nao. Tulimzika wakati wa baridi. Sungura niliwapasua hata hivyo, kwa wembe. Wawili walikuwa na vinundu kwenye ini, mmoja wa kila upande. Vingeweza kuwa kitu chochote.

Msimu wa mapeasi uliporudi nilimfuata mdogo wangu kazini, nikamwambia aache.

"Umepata jibu, kaka?"

"Sijapata."

Alinitazama, akingoja niseme lingine. Ningeweza kumdanganya na angeniamini. Lakini sijui kusema nisichokithibitisha, hata kwa ajili yake. Mchuuzi alipiga kelele kwamba gari linaondoka, naye akarudisha mikono ndani ya dawa.