Fungu la Marehemu Msabah

Riyama Machano amesharudi kusali Alasiri, na sasa amekaa mbele ya kompyuta akisubiri. Madirisha yote yamefungwa. Kiyoyozi kinanguruma, na chumba kinanuka chokaa mbichi, kama zilivyo nyumba nyingi kongwe za Mji Mkongwe. Kwenye ghala la diski, kabati linalohifadhi kumbukumbu zote, taa ndogo ya kijani inaanza kupepesa.

"Kaingia mtu," anasema kwa sauti ya chini.

Hakuna mlango uliofunguliwa.

Riyama, 34, mzaliwa wa Tumbatu, anatunza kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati moja ya binafsi. Seva zake ni mbili, nazo zinatumia ghala moja la diski. Kila seva husikiliza mapigo ya mwenzake, yaani ishara kwamba bado inafanya kazi. Yakikatika, iliyobaki hushika kazi. Zote mbili zikiandika mahali pamoja bila kupangiwa, kumbukumbu huharibika.

"Hawa wake wenza, na jiko moja," anacheka. "Kazi yangu mie kugawa zamu."

Ghala limegawiwa mafungu. Moja lilianzishwa na mtangulizi wake, Msabah, aliyefariki mwaka 2004. Tangu hapo hakuna aliyejua lina nini, lakini kila baada ya Alasiri lilinenepa kidogo. Riyama alilitenga na seva ya kwanza, likanenepa kupitia ya pili.

"Usingizi ulinihama. Nkipita mlangoni nasoma Ayatul Kursiy kujikinga."

Mwezi uliopita ghala lilikaribia kujaa. Likijaa, hakuna mgonjwa atakayeandikishwa. Mkuu wa zahanati, Bwana Zahran, akaamuru fungu lile lifutwe.

Kabla ya kulifuta, Riyama alilifungua. Akakutana na nyuso. Zilikuwa picha za wagonjwa waliokufa. Karani Anuar huwafuta marehemu kila Alasiri, asijue kwamba Msabah alipanga kila anayefutwa ahamishiwe huku. Kumbe fungu lilikuwa likinenepa kwa vifo.

Alikuwamo mama yake, Bi Mwanakheir, ambaye hakupata kupigwa picha nyingine maishani.

"Mama alikuwa hataki picha. Ile alipigwa hapa kwa ajili ya kadi, na uso kaukunja. Nililia mpaka Anuar akaja kuniuliza kulikoni."

Angeweza kuinakili picha ya mama na kuwafuta wengine. Hakuthubutu. Akamwita Bwana Zahran.

"Nshakwambia futa," alisema mkuu, akiwa amesimama.

"Naam, bwana. Lakini nnakuomba ubonyeze wewe."

Bwana Zahran aliziangalia nyuso zikipita mpaka ikaja ya kaka yake. Akavuta kiti. Kesho yake aliagiza diski mpya kutoka Dar es Salaam.

Mshahara wa Riyama ni shilingi 180,000 kwa mwezi, na amewahi kuitwa kazi kwengine kwa mara mbili ya hizo. Alikataa. "Nkiondoka, nani atawaangalia?"

Taa imetulia. Faili moja limeongezeka. Riyama anampigia Anuar kumuuliza amemfuta nani. Anasikiliza, kisha anaiweka simu polepole.

"Anasema leo hajafuta mtu. Hajafa mgonjwa wetu hata mmoja."

Riyama halifungui faili hilo. Diski zinatarajiwa wiki ijayo, na mpango wake ni kulihamisha fungu zima kama lilivyo.

"Nnamuomba Mungu nilihamishe bila ya kuliangalia hili la leo," anasema. "Kwa sababu nkiliona jina, itabidi nende kwa mwenyewe nkamwambie."