Alama Chini ya Kiti

Enzi za Mwingereza, Keraryo wa Bunda alikuwa haamini kitu mpaka akigeuze chini juu. Papai atalibonyeza pande zote, kuku atampulizia manyoya aone ngozi, shuka dukani ataiinua juani atafute tundu. Mkewe Gati alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao bwana harusi alimkagua meno. Watu walicheka. Gati mwenyewe hakucheka sana.

Keraryo alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na minada ndiyo iliyomharibu. Ameona ng'ombe mgonjwa kapakwa samli akawa anang'aa, ameona mkongwe kachongwa pembe akauzwa kama mtamba. Kwa hiyo kitu kikipendeza tu, yeye alijiuliza kinaficha nini.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda mpaka aibu: vigari vya wazi vya viti viwili, vile Wazungu walivyoshindania mbio kabla ya vita. Na katika hivyo alikitaka kimoja tu. Ujanani aliosha gari la bwana mmoja wa mgodi wa dhahabu, upande wa Butiama. Kilikuwa kigari cha kijani, boneti ndefu, tairi la akiba kimelibeba mgongoni. Siku moja bwana alimpakia kiti cha pembeni mpaka Mwitongo na kurudi, na upepo ule haukumtoka tena usoni. Mgodi ulipokaribia kufungwa, Keraryo aliinua kiti kile kwa siri akachonga kwenye ubao wa sakafu alama ya ng'ombe wa kwao, ile inayokatwa sikioni: mikato miwili na kishimo katikati. Kwao, mnyama mwenye alama yako ni wako hata akipotea mpaka uzeeke.

Bwana akaenda zake kwao, gari likapotea.

Miaka ikapita, vita vikaisha, ndipo habari ikamfikia: Yunusu, fundi magari wa Musoma, amefufua kigari cha kijani alichokikuta bandani kwa mtu huko Butiama, kuku wakitagia ndani. Uani kwa Yunusu walikutana watu wenye wazimu huo huo. Alikuwapo Hasani, fundi cherehani aliyeshona viti upya. Florian, dereva wa misheni ya Nyegina. Na Leonardi, mnunuzi wa pamba wa Suguti. Kila Jumapili walibishana thamani ya magari ambayo wengi wao wasingeweza kuyanunua. Florian alishikilia kwamba gari likipakwa rangi mpya limepoteza nusu ya thamani. Hasani akamjibu kwamba anayependa vya zamani na akalie springi zilizochomoza.

Leonardi alikwisha kulitaka gari lile, Yunusu akamkatalia. "Kwanza aje Keraryo," alisema. "Yeye ndiye alikuwaga analiosha."

Keraryo akaja na lori lake la ng'ombe. Alipokiona kigari, moyo ulimruka, na hapo hapo akakasirika, maana mtu huibiwa pale pale moyo unaporuka.

"Mbona inang'aa hivi?"

"Nimeipaka rangi, Mzee Keraryo."

"Inaficha nini?"

Akagonga milango akisikiliza. Akalala chini na koti lake zuri. Akataka liwashwe, akanusa moshi. Injini ikaunguruma vizuri kabisa, na hilo nalo akalitilia shaka. Mwisho akainua kiti cha pembeni, akapapasa. Ubao ulikuwa laini, hauna hata mkwaruzo.

"Hii siyo yenyewe," akasema.

"Ndiyo yenyewe. Vitu vingine nimebadilisha, vilikuwa vimeoza."

"Kila mwizi anasema hivyo. Gari yangu ilikuwaga na alama."

"Alama gani?"

Hapo angesema tu, jamani! Neno moja lingemaliza yote. Lakini mtu wa ng'ombe hamtajii alama yule anayemshuku. Ukimtajia leo, kesho ataichonga mwenyewe.

"Mwenyewe anaijua," akajibu. "Wewe umeokota injini huku, bodi kule, unataka kuniuzia mzoga."

Yunusu alifuta mikono, uso umemwiva kwa uchungu. Siku hiyo hiyo gari likaenda kwa Leonardi. Keraryo alirudi Bunda akamwambia mkewe kwamba ameponea chupuchupu. Lakini chakula alikiacha sahanini.

Masika yaliyofuata springi ya lori lake ilikatika nje kidogo ya Musoma, na fundi wa karibu alikuwa Yunusu. Yunusu alimsalimu kwa ufupi, akaingia chini ya lori na nyundo yake. Mkewe, Mwanaupe, akatoa kigoda.

"Karibu, shemeji. Kaa."

Keraryo hakukaa. Kwa mazoea yake alikigeuza kwanza chini juu. Na chini yake, imefifia lakini haijafutika, palikuwa na mikato miwili na kishimo katikati.

Akaipapasa kwa kidole. "Hii mbao mlitoaga wapi?"

"Si kwenye kile kigari ulichokikataa? Zingine zilioza zote, hiki kipande kilikuwa kizima. Fundi akasema tusikitupe."

"Na gari lenyewe?"

"Leonardi alishaipelekaga Kisumu kwa meli. Nasikia kuna Mhindi ameipenda sana."

Chini ya lori nyundo iliendelea kulia. Keraryo alikikumbatia kigoda kifuani kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Niuzie hiki, shemeji. Sema unachotaka."

Mwanaupe akamtazama usoni, akatazama kigoda. Akakichukua mikononi mwake polepole, naye akakigeuza chini juu.

"Mbona unakitaka hivyo? Kina nini?"

"Kina alama. Ya kwetu. Niliichonga mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo, shemeji," akasema Mwanaupe, akaingia nacho ndani.